Kamera haikuona kidonda, na tumbo bado linauma

Swali: "Daktari, salamu kwako. Mimi ni dereva wa trela, miaka 41, familia yangu iko Malaba. Nabeba mizigo kutoka Mombasa hadi Kampala, mara nyingine nafika Juba. Huu ni mwaka wa tatu tumbo halinipi raha. Nikila kidogo tu najaa mpaka shingoni, halafu chini kunafunguka: asubuhi ya safari naenda choo mara nne, mara tano, kabla sijawasha injini. Nikiwa nyumbani linatulia kiasi. Dawa za alsa, yaani vidonda vya tumbo, nimemeza hadi nimechoka, ile ya wiki mbili nimeirudia mara tatu. Kampala walinipitisha kamera, wakasema tumbo ni safi, hakuna kidonda wala saratani. Daktari akasema ni mawazo tu, niache kuwaza. Mama yangu anasema nimerogwa. Mambo yalianza mwaka ule tuliposhambuliwa barabara ya Juba tukalala porini, na baada ya wiki chache nikaharisha vibaya sana pale Elegu, mpakani mwa Uganda na Sudan Kusini. Niambie ukweli: ninaumwa tumbo au ninaumwa kichwa?"

Jibu:

Ndugu yangu, unaumwa tumbo. Nalisema hilo kwanza kwa sababu naona hakuna aliyekuambia waziwazi. Maumivu yako hukuyatunga, na akili haijakuruka. Kamera ilipita ikakuta ngozi ya ndani ni nzima. Hiyo ni habari njema, uishike. Lakini kamera huona rangi na umbo. Haioni misuli ya tumbo inavyokaza na kulegea, wala haioni neva zinavyopokea na kupeleka taarifa. Wewe ni mtu wa magari. Fundi anaweza kufungua injini akakuta kila kipuri kipo mahali pake, hakuna kilichovunjika, na bado gari linazimika kila likipanda mlima. Hapo fundi mzuri haachi gari akamwambia mwenyewe kuwa ni mawazo. Anaanza kufuata nyaya.

Daktari aliyekuambia "ni mawazo tu" alikuwa karibu na ukweli, ila lile neno "tu" likaharibu kila kitu. Mawazo yanaweza kulitikisa tumbo, na tumbo linaweza kuyatikisa mawazo, na yote mawili hupita kwenye mwili, kwenye neva na homoni zinazoweza kupimwa. Kumwambia mtu aache kuwaza ni kama kumwambia aache kutokwa jasho. Nimewaona wagonjwa wengi walioambiwa hivyo. Hutoka wakiwa na aibu, hawarudi tena hospitalini, wanabaki kununua dawa dukani mwaka baada ya mwaka.

Sasa nikueleze nyaya zenyewe.

Kwenye kuta za njia ya chakula, kuanzia kooni hadi mwisho, kuna mtandao wa seli za neva zaidi ya milioni 100. Mtandao huo unaweza kuendesha shughuli ya kusaga na kusukuma chakula wenyewe, bila kungoja amri ya ubongo. Lakini haujatengwa na ubongo. Iko neva ndefu iitwayo vagasi. Inatoka chini ya ubongo, inashuka shingoni, inapita kifuani, inaingia tumboni. Wengi hudhani kazi yake ni kushusha amri. Kumbe katika kila nyuzi 10 za neva hiyo, kama 8 hupandisha taarifa kutoka tumboni kwenda juu. Ubongo wako unasikiliza tumbo mchana na usiku, hata ukiwa umelala kwenye kabini pale Malaba.

Wazee wetu hawakuwa na darubini, lakini walimwita mtu mwenye hofu kuwa yuko tumbo joto. Hawakusema kichwa joto. Walijua hofu hutua wapi.

Ubongo ukihisi hatari humwaga homoni za dharura. Moyo unakimbia, damu inakwenda kwenye misuli ya miguu na mikono, na kazi ya kusaga ugali inawekwa kando kwa sababu risasi zinapolia kula si jambo la haraka. Jambo la kushangaza ni kwamba dharura hiyo hulifanyia tumbo mambo mawili kwa wakati mmoja: huchelewesha tumbo la juu kushusha chakula, na huharakisha utumbo mpana kutoa kilichomo. Rudi usome barua yako. Nikila kidogo najaa mpaka shingoni, halafu chini kunafunguka. Hukusomea udaktari, lakini umeeleza hali hiyo kuliko wanafunzi wangu wengi.

Nikupe mfano mmoja uliowahi kuonekana kwa macho. Mwaka 1822, katika kisiwa cha Mackinac huko Marekani, kijana aliyeitwa Alexis St. Martin alipigwa risasi ubavuni kwa bahati mbaya. Akapona, lakini tundu lililoingia hadi tumboni halikuziba. Daktari wa jeshi aliyemtibu, William Beaumont, akawa anafunga kipande cha nyama kwa uzi wa hariri, anakishusha kupitia tundu lile, anasubiri saa moja au mbili, kisha anakivuta nje aone kimelainika kiasi gani. Alifanya hivyo kwa miaka, na kitabu chake kikatoka 1833. Kati ya mambo aliyoyaandika ni kwamba kijana yule akikasirika, usagaji wa chakula tumboni ulivurugika. Nisiache kusema pia kwamba St. Martin alikuwa maskini aliyekuwa akilipwa na daktari huyo, na hakupenda kugeuzwa dirisha la watu kuchungulia. Alimtoroka zaidi ya mara moja. Tunachokijua leo juu ya hasira na tumbo, sehemu yake tulikipata kwa usumbufu wa mtu huyo.

Mimi mwenyewe nimeshawahi kulisikia jambo hili kwa kiganja. Mama mmoja mfanyabiashara wa sokoni alikuwa amelala kitandani namkagua, tumbo lake ni laini kama unga uliokandwa. Simu yake ikalia. Akaangalia jina: ni mtu aliyemkopesha pesa. Hakupokea, hakusema neno. Chini ya mkono wangu tumbo likakaza kama ngozi ya ngoma, na baada ya nusu dakika likaanza kunguruma mpaka muuguzi akageuka. Tulipomaliza nilimuuliza kama ameona kilichotokea. Akasema, "Daktari, hivi ndivyo ninavyoishi kila siku."

Hiyo ni njia ya kushuka. Njia ya kupanda nayo ina nguvu zake. Watafiti waliwahi kuingiza kipira kidogo sehemu ya mwisho ya utumbo na kukijaza hewa taratibu. Watu wenye tatizo kama lako walisikia maumivu mapema, kwa hewa ambayo wengine waliihisi kama mgandamizo wa kawaida. Utumbo wao haukuwa na kidonda. Ulikuwa kama redio iliyofunguliwa sauti hadi mwisho: neno lile lile, lakini masikio yanauma. Gesi ambayo mwenzako haijui kama ipo, kwako ni kisu. Na mtu anayesikia kisu kila siku, anayepanga safari kwa kuhesabu vyoo vya njiani, anayekataa kula mbele za watu, ataanza kuwa na wasiwasi na huzuni hata kama hakuwa nao mwanzo. Huko Australia waliwafuatilia watu kwa miaka 12. Waliokuwa na wasiwasi mwanzoni, bila shida ya tumbo, wengi zaidi waliishia kupata shida ya tumbo. Na waliokuwa na tumbo baya bila wasiwasi, wengi zaidi waliishia na wasiwasi na huzuni. Kwa hiyo swali lako, tumbo au kichwa, lina jibu la ajabu: inategemea mlango uliotumika kuingilia, na baadaye milango yote miwili hubaki wazi.

Kwako wewe naona ilitumika yote miwili.

Lile tukio la Elegu usilichukulie kuwa dogo. Kuharisha vibaya kunaweza kuuacha utumbo mwepesi wa kushtuka kwa miezi au miaka, hata kama vijidudu vilishaondoka. Mwezi Mei mwaka 2000, katika mji mdogo wa Walkerton nchini Kanada, maji ya bomba yalichafuliwa na kinyesi cha ng'ombe. Watu zaidi ya 2,000 waliugua, 7 wakafa. Madaktari waliwafuatilia waliopona, wakakuta miaka miwili na zaidi baadaye wengi wao bado matumbo hayajatulia, kwa kiwango kikubwa kuliko majirani ambao hawakuugua. Na waliokuwa tayari wana wasiwasi au huzuni walikuwa kwenye hatari zaidi. Wewe ulifika Elegu wiki chache baada ya kulala porini chini ya milio ya risasi. Mwili wako ulikuwa bado haujarudi kutoka barabara ile. Kuharisha kulimkuta mlinzi wa mwili wako yuko macho, ameshika silaha, na tangu hapo hajaiweka chini.

Kisha tumbo likajifunza barabara. Ndiyo sababu asubuhi ya safari ni mbaya na nyumbani kuna nafuu. Huhitaji kuwaza Juba. Harufu ya dizeli na begi lililofungwa vinatosha kuliambia tumbo kuwa tunarudi kule.

Sasa hizi dawa za alsa. Zamani madaktari walisema vidonda vya tumbo vinatokana na mawazo. Halafu mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren wa Australia wakamgundua bakteria anayeitwa H. pylori, ambaye ndiye chanzo cha vidonda vingi. Mwaka 1984 Marshall akanywa kimiminika chenye bakteria hao, akapata uvimbe wa ngozi ya tumbo. Mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Ulikuwa ugunduzi mkubwa uliowaponya watu wengi, lakini hapa kwetu umezaa tatizo jingine: kila anayeshika tumbo anachomwa kidole, kipimo cha damu kinasoma chanya, anapewa dawa ya wiki mbili. Kipimo kile cha damu kinaonyesha tu kwamba mwili umewahi kukutana na bakteria huyo, na kinaweza kuendelea kusoma chanya muda mrefu baada ya kupona. Watu wengi wazima nchini wamekutana naye tangu utotoni. Ukitaka kujua kama yupo leo, kipimo ni cha choo kikubwa au cha pumzi, tena uwe umeacha omeprazoli, ile dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, kwa wiki 2 na antibiotiki kwa wiki 4. Tafadhali usirudie ile pakiti mara ya nne kwa sababu ya tone la damu ya kidole. Kila duru ya antibiotiki huwasumbua pia bakteria wema wa utumbo mpana, na kwa mtu wa kuharisha kama wewe hiyo si faida. Hata omeprazoli yenyewe usiikate ghafla, maana asidi huweza kuruka juu kwa wiki kadhaa na utadhani ugonjwa umerudi. Mwombe daktari akupunguzie taratibu.

Hukuniambia kuhusu mgongo. Sijakutana bado na dereva wa masafa marefu asiye na vidonge vya mgongo karibu na usukani. Kama ni diklofenaki au ibuprofeni, ziache. Hizo, pamoja na aspirini, nazo huchimba vidonda vya kweli, vile ambavyo kamera huviona. Parasetamoli ni salama zaidi kwa tumbo, ukifuata kipimo chake.

Kuhusu chakula nitasema machache, kwa sababu najua watu huogopa chakula mpaka wanabaki na chai na mkate. Uganda ina nafasi yake katika elimu hii. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Lira na kisha Mulago, na mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha vipimo vya choo. Ndiyo, walipima choo kwenye mizani. Wanakijiji wa Uganda walitoa wastani wa zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kilipita mwilini kwa siku moja na nusu hivi. Waingereza waliopimwa walitoa karibu robo ya hiyo, na chakula chao kilikaa siku tatu na zaidi. Tofauti, kwa maoni yake, ilikuwa makapi ya vyakula vya asili: ulezi, mtama, maharage, mboga za majani, viazi vitamu. Leo dereva wa Malaba anakula roleksi (chapati iliyoviringishwa na mayai) mbili saa nne usiku, soda, na kinywaji cha kuongeza nguvu ili asisinzie. Amehama chakula cha Burkitt bila kuhama nchi.

Lakini usikimbilie sahani kubwa ya maharage kesho. Utumbo uliofunguliwa sauti hautapenda. Anza na uji wa ulezi asubuhi, dodo (mchicha) iliyopikwa ikalainika, ndizi mbivu. Maharage yaloweke usiku kucha, mwaga maji, pika mpaka yaive kabisa, anza na vijiko vichache. Maziwa freshi yakikuchafua, jaribu bongo, yaani maziwa ya mgando. Watu wazima wengi wa kwetu hawasagi vizuri sukari ya maziwa, na yakigandishwa huwa mepesi zaidi. Gawa chakula mara tatu au nne badala ya mlo mmoja mkubwa unapoegesha usiku. Na mairungi, yaani miraa, ndugu yangu, nakuomba uyaache. Yanazuia usingizi, yanaamsha zile zile homoni za dharura, yanaua hamu ya kula. Waragi, ile pombe kali, wa kujilazimisha kulala nao huchoma tumbo na kuvunja usingizi saa nane za usiku, wakati ndoto mbaya zinapopenda kuja.

Utasikia pia habari za bakteria wa utumbo na akili. Habari hiyo ina ukweli. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walionyesha kwamba panya waliokuzwa bila bakteria yoyote tumboni hushtuka kupita kiasi wakitiwa hofu. Na zaidi ya asilimia 90 ya serotonini ya mwili, kemikali inayotajwa sana kwenye habari za huzuni, hutengenezwa kwenye utumbo. Lakini serotonini hiyo haivuki kuingia kwenye ubongo. Kazi yake kubwa ni huko huko tumboni, kusukuma chakula na kuwasha neva zinazopandisha taarifa. Kwa hiyo mtu akikuuzia unga wa bei kubwa kwamba utajaza furaha kutoka tumboni, hifadhi pesa yako. Nunua ulezi.

Sasa nije kwenye usiku ule wa porini, kwa sababu nadhani hapo ndipo matibabu yako yalipo, na hakuna aliyekuuliza.

Uliandika sentensi moja tu juu yake. Nataka nikuulize, nawe ujijibu kwa utulivu. Je, unaota tukio lile, au picha zake zinakujia mchana bila kuziita? Unaruka tairi la jirani likipasuka? Unakwepa kusimulia, unakwepa sehemu fulani ya barabara, au unaipita mikono ikiwa imekaza usukani mpaka vidole vinakufa ganzi? Usingizi unakatika? Umekuwa mkali kwa mkeo na watoto kwa mambo madogo? Mambo uliyoyapenda zamani, mpira, mazungumzo kijiweni, ibada, bado yana ladha? Na swali ambalo namwuliza kila mtu bila kuona haya: umewahi kutamani usiamke, au kufikiria kujidhuru? Kama jibu la hilo la mwisho ni ndiyo, usisubiri wiki ijayo. Mwambie mkeo leo, nendeni hospitali leo hii hii.

Kama mengi ya hayo yapo, una kiwewe, yaani jeraha la akili linaloachwa na tukio la kutisha, na kina tiba. Si udhaifu wa mwanamume. Nimewatibu askari waliorudi kutoka vitani, na wengi wao walianza kwa kuniambia, "Daktari, nina alsa." Tumbo ni mahali mtu anaporuhusiwa kuumwa bila kudharauliwa, ndiyo maana hofu nyingi hufika hospitalini zikiwa zimevaa nguo za tumbo.

Tiba ya kwanza ni mazungumzo ya kitaalamu, na usiyadharau kwa kuwa hayana sindano. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Rakai na Masaka, watu wenye huzuni kubwa waliwekwa kwenye vikundi, wakakutana kila wiki kwa wiki 16 na kuongozwa na watu wa huko huko waliofundishwa, si madaktari. Watafiti walianza kwa kuwauliza wanakijiji wanaiitaje hali ile, wakapewa maneno ya Kiganda: okwekubagiza, kujisikitikia, na okwekyawa, kujichukia. Mwisho wa wiki zile huzuni ilikuwa imepungua sana kwa waliokuwa kwenye vikundi kuliko vijiji ambavyo havikuwa navyo. Mazungumzo ya namna hii, yakielekezwa kwenye tumbo lenyewe, yamepimwa nchi nyingi kwa wagonjwa kama wewe, na hupunguza maumivu na safari za chooni. Kutoka Malaba, hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe ni Mbale, na ina kitengo cha afya ya akili. Butabika, kule Kampala, ipo tangu 1955, na kwenda kliniki yake si kulazwa wala kufungiwa. Unaonana na mtu, unarudi nyumbani.

Wakati unasubiri, jifunze pumzi hii. Unaweza kuifanya kwenye foleni ya mpakani. Zima injini. Mkono mmoja weka kifuani, mwingine chini kidogo ya kitovu. Vuta hewa kwa pua polepole ukihesabu hadi 4, mkono wa chini ndio uinuke, wa juu utulie. Toa ukihesabu hadi 6. Mara 6 kwa dakika, dakika 10, asubuhi na usiku, na tena dakika 5 kabla ya kula. Kutoa hewa kwa muda mrefu huiamsha ile neva ya vagasi na kuuambia moyo upunguze kasi. Siku za kwanza utaona kama unapoteza muda. Endelea wiki nne ndipo uhukumu.

Ipo pia dawa ya zamani, ya bei nafuu, iitwayo amitriptilini. Kwa dozi kubwa hutibu huzuni. Kwa dozi ndogo, miligramu 10 hadi 30 usiku, hupunguza ile sauti ya neva za utumbo. Mwaka 2023 matokeo ya utafiti mkubwa wa Uingereza uliohusisha wagonjwa 463 yalionyesha kwamba inasaidia wale ambao chakula na dawa za kawaida zimeshindwa. Huwa inafunga choo kidogo, jambo ambalo kwako ni nafuu. Nakuandikia haya ili ukiandikiwa usidhani daktari amekuita mwendawazimu. Lakini wewe ni dereva, na dawa hii huleta usingizi unaoweza kubaki hadi asubuhi. Usiinunue dukani ukaimeza usiku wa safari. Ianzwe ukiwa likizo, kwa dozi ndogo kabisa, na daktari ajue kazi yako, ajue kama una shida ya moyo, presha ya macho au shida ya kukojoa. Mpaka ujue inavyokufanya, usiguse usukani.

Kuhusu mama. Usigombane naye. Anaona mwanawe amerudi kutoka barabara ya Juba akiwa mtu mwingine, na neno alilo nalo la jambo hilo ni kurogwa. Kwamba kuna kitu kilikuingia kule, hajakosea sana. Akikuombea, pokea dua. Ila dawa za kunywa za mitishamba ambazo hujui zina nini, hasa za kuharisha ili "kusafisha tumbo", kataa kwa heshima. Tumbo lako limeshasafishwa vya kutosha.

Kabla sijakuachia, kuna dalili ambazo zikitokea haya yote yanawekwa pembeni na unarudi kupimwa haraka, hata kama kamera ilikuwa safi: damu kwenye choo, choo cheusi kama lami (isipokuwa unameza vidonge vya madini ya chuma), kutapika damu, kupungua uzito bila kutaka, chakula kukwama kooni, homa isiyokwisha, kuishiwa damu, au kuharisha kunakokuamsha usingizini. Kwa maisha yako ya barabarani ningependa pia kipimo cha damu cha jumla, kipimo cha VVU, choo kipimwe minyoo na amiba, na kama umewahi kuoga ziwani au kwenye mto Nile, kichocho kiulizwe. Mara moja, vizuri, kisha basi. Kurudia vipimo kila mwezi hulisha hofu, na hofu hulisha tumbo.

Nunua daftari dogo. Kwa wiki mbili andika ulichokula na saa, ulivyolala, umekwenda choo mara ngapi, na siku hiyo ulikuwa wapi, nyumbani au njiani, na moyo ulikuwaje. Lipeleke Mbale pamoja na ripoti ya kamera. Ukikaa mbele ya mhudumu, usianze na alsa. Anza na usiku ule wa porini, umwambie kuanzia milio ya kwanza mpaka kulipokucha. Kama mkeo anaweza kufuatana nawe, akae karibu. Nadhani hata yeye hajawahi kuisikia habari hiyo yote.